Kiingereza cha kuondoka: niliyojifunza kwenye geti la boti za Zanzibar

Mtu akitaka kujua Kiingereza chake kimetoboka wapi, asihangaike na mitihani. Aende akafanye kazi mahali watu wanapoondokea: stendi ya Magufuli kule Mbezi, stesheni ya SGR, uwanja wa ndege au bandarini. Mimi nilipangwa bandarini, upande wa boti za Zanzibar, pale Sokoine Drive mkabala na Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Nilianzia kaunta ya tiketi, nikahamishiwa getini, mwisho nikakabidhiwa kipaza sauti.

Kila msimu wa watalii tunaletewa vijana wapya. Vyeti safi, sarufi ya darasani haina doa, na wote wanateleza palepale, kwenye vitenzi vya kuanza safari. Na si watu wa getini peke yao. Nimeshasoma barua nyingi za kuomba kazi na ufadhili za ndugu na majirani zangu wa Kimara, na tatizo ni lilelile. Tofauti ni kwamba sisi tuna abiria wa kutukunjia uso na kuuliza tunamaanisha nini. Mwandishi wa barua hana. Anakaa anasubiri jibu ambalo haliji, na hajui kwa nini.

Shule ilifanya sehemu yake. Msingi tulisoma kwa Kiswahili, sekondari masomo yakageuka Kiingereza, tukaimba “leave, left, left” mpaka ikatukaa kichwani. Ila tuliviimba vitenzi hivyo vikiwa vimekatwa, kama samaki wa kukaanga anayeletwa mezani bila kichwa wala mkia. Kumbe kwa Waingereza mwelekeo wa safari umo mkiani, kwenye kale kaneno kadogo kanakofuata kitenzi. Ukikaacha, boti inakwenda upande mwingine.

Siyo mzaha, ilikwenda kweli. Juu ya kaunta yetu palikuwa na karatasi iliyowekwa plastiki, imegandishwa kwa selotepu kwenye kioo, imeandikwa “Last boat leaves Zanzibar 4 p.m.” Aliyeiandika alikusudia kwamba boti ya mwisho ya kwenda Zanzibar inaondoka saa kumi jioni. Akaja mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, na begi lake la magurudumu. Hakuwa na tiketi, alitaka kwanza kujua ratiba. Akaisoma ile karatasi, akapiga hesabu: boti inatoka Zanzibar saa kumi, safari ni kama saa mbili, itafika hapa saa kumi na mbili, itashusha watu, itageuza. Akaenda zake Feri kutazama soko la samaki. Akarudi saa kumi na moja na nusu, ametulia, mkono mmoja una chupa ya maji.

Boti ilikuwa imeshapotea machoni zamani.

Nilikuwa dirisha la pili. Mama alikuwa anaonyesha karatasi kwa kidole, neno baada ya neno: leaves, Zanzibar, four. Mwenzangu naye anamjibu, “Yes, leaves Zanzibar, four,” na kila akirudia anapandisha sauti, kana kwamba kelele ndiyo tafsiri. Wote wawili wanasema maneno yaleyale, kila mmoja kasimama pwani yake. Chumba alikuwa amekilipia Mji Mkongwe, ikabidi atafute kingine hapa mjini kwa usiku ule. Fedha za kumrudishia hazikuwepo kwa sababu hakuwa amenunua kitu kwetu. Alilia kidogo, kilio cha uchovu, na mimi nikajifanya napanga vitabu vya risiti.

“Leave Zanzibar” ni kutoka Zanzibar. “Leave for Zanzibar” ni kuondoka kwenda Zanzibar. Hiyo “for” ya herufi tatu ndiyo iliyomlaza mama wa watu Dar.

Kesho yake nikamsimulia mzee mmoja wa gatini, aliyewahi kuwa baharia wa majahazi na siku hizi kazi yake ni kupokea kamba boti ikifika. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akaniuliza, “Mwanangu, ukiniambia umehama Kimara, na ukiniambia umehamia Kimara, nikutafute wapi?”

Nikacheka peke yangu siku nzima. Hama na hamia. Kimbia na kimbilia: aliyekimbia hospitali na aliyekimbilia hospitali hawawezi kukutana njiani ila wanapishana. Mtoto wa miaka minne hapa mjini hakosei hilo. Sisi mwelekeo tunaupachika ndani ya kitenzi, kasilabi kamoja tu, na sikio linashtuka kakikosekana. Mwingereza anauning'iniza nje. Ndiyo maana Mswahili anausahau: sikio lake limezoea kuutafuta ndani, na ndani haumo.

Toka hapo niliacha kujifunza kitenzi kimoja kimoja. Nilianza kuuliza kila nilichokutana nacho: wewe unatoka na nani? Na nikaona jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza kwa maneno mepesi. Vitenzi vya kwenda vinachukua “to”: go to Zanzibar, travel to Zanzibar, come to Dar. Vitenzi vya kuondoka, ukivitajia mwisho wa safari, vinapenda “for”: leave for, set off for, depart for, embark for. Sisi kwa kuwa kichwani tuna “kwenda”, tunabandika “to” kila mahali, na “leave to Zanzibar” ndilo kosa utakalolisikia mara nyingi kuliko yote hapo bandarini. Kanuni hii ina mianya yake, ila itakuvusha mahali pengi.

Sasa “embark”. Hili nilikutana nalo siku nilipopewa kipaza sauti, pamoja na karatasi ya matangazo iliyoandikwa na mtu wa ofisini ambaye nadhani alipenda sana maneno makubwa. Passengers are kindly requested to embark. Hofu yangu haikuwa wageni. Hofu yangu ilikuwa wapagazi, wapiga debe na abiria wetu wenyewe waliokaa kwenye viti vya plastiki wakisubiri mtu ateleze. Hili niliseme wazi kwa sababu linawafunga mdomo vijana wengi: mgeni akisikia umekosea anajitahidi kukuelewa. Anayekucheka ni Mtanzania mwenzako, na mara nyingi naye hajui.

Mkazo uko kwenye silabi ya pili, im-BAAK. Kwa Waingereza ile “r” haisikiki, kwa Wamarekani inasikika, chagua mmoja ukae naye. Likiwa la wakati uliopita, “embarked”, mwisho wake ni “kt” iliyokatika ghafla. Ulimi wetu haupendi neno liishie hewani bila irabu, kwa hiyo tunasema “imbakedi”, na hapo mgeni anatazama huku na huku akidhani umetaja jina la mahali. Nilifanya mazoezi ndani ya mwendokasi asubuhi, kutoka Kimara hadi Kivukoni, nimejifunika mdomo kwa mtandio.

Neno lenyewe Waingereza walilitoa kwa Wafaransa katika karne ya 16, “embarquer”, na ndani yake mna “barque”, chombo cha baharini. Yaani ni kuingia chomboni, basi. Ndege zimeliazima baadaye tu. Kwenye tuisheni ya jioni mwenzetu mmoja aliuliza kama lina uhusiano na “bark” ya mbwa kubweka, mwalimu akamwambia aache utani. Halikuwa swali la utani, na jibu ni fupi: hakuna uhusiano. Kubweka ni neno la Kiingereza cha kale, limefanana sauti tu.

Watu hawalitumii hili wakizungumza. Katika muda wote niliosimama getini sikumbuki mtalii aliyeniuliza “Can we embark?” Wanauliza “Can we get on?” au “Are they boarding yet?” Embark ni la kipaza sauti, la kadi za uhamiaji, la hotuba na la karatasi za masharti ya tiketi. Ukilitumia mezani unakuwa kama mtu anayemwambia shemeji yake karibu uketi kwenye samani. Kwa hiyo lijue ulisikie, ulisome, ulitangaze ukiagizwa. Mdomoni tumia “get on” na “board”.

Na kwa kuwa nimelitaja, “get on” na “get in” zinasumbua kuliko zinavyostahili. Chombo unachoingia ukiwa umesimama na unaweza kutembea ndani, ni “get on”: boti, pantoni ya Kigamboni, treni, ndege, mwendokasi, hata daladala ingawa mle kutembea ni ndoto. Chombo unachoinama ukaingia ukakaa, ni “get in”: teksi, bajaji. Unachokipanda kwa kutanua miguu, bodaboda na baiskeli, ni “get on” tena. Na mtumbwi? Mtumbwi ni “get in” au “get into”, ukisimama utauzamisha. Niliwapa vijana wawili wapya mfano wa mtumbwi na hawajawahi kuchanganya tena. Ya darasani wameshayasahau.

Kuna kosa jingine la embark ambalo limeenea mpaka kwenye matangazo ya ofisi: “The boat embarks at 7.” Boti haiembark. Wanaoembark ni watu. Boti inafanya “leave”, “depart” au “sail”, na hiyo “sail” inatumika hata kwa boti ya injini isiyo na kipande cha tanga, sawa na sisi tunavyosema meli imeng'oa nanga wakati ilikuwa imefungwa kwa kamba gatini. Ila nahodha anaweza ku-embark abiria, yaani kuwapakia. Hiyo ni ya kwenye nyaraka za meli, ukiikuta usishangae.

Hapo kwenye kung'oa nanga ndipo penye utamu, na ndipo barua za watu zinapoharibikia.

Sisi tumelitoa neno baharini tukaliingiza kila mahali. Ligi Kuu imeng'oa nanga. Mkutano wa Bunge umeng'oa nanga Dodoma. Semina imeng'oa nanga. Waingereza wamefanya hivyohivyo na embark: mtu anaweza kuembark on kazi, masomo, kampeni, mradi, maisha mapya. Mpaka hapo tunaelewana vizuri. Lakini tazama nani anayefanya. Kwetu ni lile jambo lenyewe linalong'oa nanga, ligi, mkutano, semina. Kwao ni mtu anayepanda juu ya jambo. Kwa hiyo Mswahili anaandika “The project embarked in January” na kwa sikio lake ni sahihi kabisa, mradi umeng'oa nanga Januari. Kwa Mwingereza mradi umepanda meli. Anachotaka kusikia ni “We embarked on the project in January”, au kwa urahisi kabisa, “The project started in January”.

Mtoto wa jirani yangu, binti, alikuwa anaomba ufadhili wa kusomea uuguzi. Akaniletea barua jioni moja, imepigwa chapa vizuri, ameilipia stationery kurasa zote mbili kwa rangi. Aya ya kwanza peke yake ilikuwa na embark tatu. “I want to embark my studies.” “I am ready to embark to study nursing.” “My dream embarked when I was young.” Alikuwa ameona neno kwenye barua ya mtu aliyefanikiwa, akaamua lina bahati.

Tulikaa kibarazani tukazipitia. Ya kwanza imekosa “on”: kama ni jambo unalolianza, “on” haiachwi kamwe, au “upon” ukitaka kulitia uzito zaidi. Ya pili imebandika “to” na kitenzi. Embark on inataka nomino mbele yake, au kitenzi kilichovaa “-ing”. Haipendi “to study”, “to become”, “to work”. Ukiwa na kitenzi mbele, lipo jingine zuri na la kawaida zaidi, “set out”: “I set out to become a nurse.” Hapo “set out to” ni kutia nia na kushika njia kwa pamoja, na nadhani kwa barua linapendeza kuliko embark, kwa sababu linamwonyesha mtu mwenye lengo badala ya mtu mwenye kamusi. Ya tatu tukaifuta. Ndoto yake na isipande chombo chochote, ianze tu kwa “began”.

Mwishowe barua ikabaki na embark moja. Nilitaka tuondoe hata hiyo, akakataa, nikaona ana haki. Na ilikaa mahali pake, kwa sababu masomo ya uuguzi ni safari ndefu kweli. Embark on ni la mambo makubwa ya muda mrefu, yenye kukuondoa hapa na kukufikisha kwingine. Huwezi kuembark on kwenda Kariakoo kununua vitunguu, labda uwe unataka watu wacheke. Magazeti na hotuba zetu za Kiingereza zimelichosha hili neno, kila ofisi ime-embark on kitu fulani kila wiki, na msomaji wa barua zako ameshalisikia mpaka limemkinai. Likae mara moja, pale panapostahili.

“Set” ni mkorofi wa aina yake. Kwanza haibadiliki: set, set, set. “I set out at six” inaweza kuwa ya kila siku au ya jana, usije ukaandika “setted”. Pili, maana zake hazihesabiki kirahisi, kamusi kubwa ya Oxford toleo la pili la mwaka 1989 inalipa neno hilo maana zaidi ya 400. “Set out” ni kuanza safari, lakini pia ni kupanga vitu mezani, kama mama ntilie anavyopanga sahani. “Set off” ni kuanza safari, lakini pia ni kulipua fataki, na ni kusababisha king'ora kilie. Kuna abiria alipita kwenye mashine ya ukaguzi, ikapiga kelele, akasema kwa unyonge, “Sorry, I set it off.” Kijana wetu akamjibu kwa adabu zote kwamba boti bado, inaondoka saa sita na nusu.

Na usiniulize tofauti ya set out na set off kwa safari ya kawaida. Ipo, nyembamba. Set off inakaa zaidi kwenye kule kuondoka kwenyewe, set out ina harufu ya safari ndefu au yenye kusudi. Ukizibadilishana hakuna atakayekosa boti.

“Depart” halinisumbui sana, ni neno la ratiba na vibao, lile unalolikuta Terminal 3 pale uwanja wa ndege likiwa limeandikwa Departures. Departs from Dar, departs for Zanzibar, na kwenye ratiba hiyo “from” mara nyingi huachwa. Tahadhari ni moja. “The departed” ni marehemu. Mwenzetu aliwahi kuandaa orodha ya abiria walioondoka na boti ya asubuhi, akaipa kichwa cha habari “List of departed passengers”, akaibandika ukutani. Kwingine watu wangecheka. Kwetu pale, wazee wa gatini wanakumbuka Julai 2012, MV Skagit ilipoondoka Dar ikazama karibu na Chumbe, na kabla yake Septemba 2011, MV Spice Islander kati ya Unguja na Pemba. Karatasi ilibanduliwa kabla haijasomwa na wengi, na hakuna aliyemgombeza. Andika “passengers on board”, inatosha.

Saa nayo ni mtego, nitapita haraka. Boti ya saa moja asubuhi ukimwambia mgeni “one”, atakuja saa saba mchana akiwa amekula na kunywa. Kila mtu anajua hili na kila mtu linamponyoka akiwa na foleni mbele yake. Dawa ni kuandika 07:00 au 16:00 kwenye kikaratasi na kumpa mkononi. Usiseme, andika.

Sasa fedha, maana najua ndiyo mtakayoniuliza. Tuisheni ya jioni kule Kariakoo nililipa shilingi 50,000 kwa mwezi, ukiongeza nauli na chipsi za njaa inakaribia mara mbili yake. Nilikuwa natoka kazini miguu imevimba, nakaa darasani mpaka saa mbili usiku. Walitupa fotokopi za vitenzi vyenye mikia, vimepangwa kwa alfabeti: set about, set aside, set back, set in, set off, set out, set up. Tukazikariri kama sala. Wiki mbili baadaye kichwani zimebaki supu. Sijutii yote, kwa sababu pale nilipata mtu wa kuzungumza naye kila siku bila aibu, na hilo lina thamani yake. Ila kama mfuko wako una nafasi ya kitu kimoja, usianze na tuisheni.

Anza na kamusi, na iwe ya aina inayofaa. Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili ya TUKI ya mwaka 1996 ninayo, imechakaa, naiheshimu, ukitaka kujua neno kwa Kiswahili ni nini hiyo ndiyo ya kushika. Lakini tatizo letu hapa si maana ya embark, ni anayefuatana naye. Kwa hilo unahitaji kamusi ya wanafunzi, ile ya Kiingereza kwa Kiingereza inayokuonyesha kila kitenzi kikiwa na kaneno kake na mfano wa sentensi. Ya Oxford ina historia inayonifurahisha. Aliyeianzisha, A. S. Hornby, alikuwa Mwingereza aliyefundisha Japani, akaona wanafunzi wake wanajua maneno lakini hawajui yanavyoshikana, akatengeneza kamusi ya kuonyesha mashikano hayo. Ilitoka huko Tokyo mwaka 1942, Oxford wakaichapa upya 1948. Kumbe Wajapani walikuwa na ugonjwa wetu kabla yetu! Toleo la zamani unalipata kwa wauza vitabu wa kando ya barabara pale Posta kwa bei ya kupatana, na za kwenye simu zipo za bure. Usilipie.

Kitu cha pili ni daftari dogo la kuingia mfukoni. Sikuandika tena neno na maana yake. Niliandika sentensi nzima kama ilivyotoka kinywani mwa abiria, na pembeni nikaandika mtu huyo alikuwa anatoka wapi na anakwenda wapi. “We left Arusha this morning.” “We're leaving for Pemba on Friday.” “What time does it leave from here?” Ukisoma ukurasa mmoja wa hizo, kile kinachotoka na “for”, kinachotoka na “from” na kisichotoka na chochote vinajipanga vyenyewe. Humo humo nikaokota kwamba neno letu safari, walilolichukua karne ya 19, wamelivalisha “on” bila kiambatanisho kingine: we're going on safari. Wakisema “a safari” wanaihesabu, kama ziara moja uliyolipia.

Ile karatasi ya kwenye kioo ilichukua miezi kubanduliwa. Nilipomwendea msimamizi mara ya kwanza aliniambia imeshawekwa plastiki. Sababu yenyewe ndiyo hiyo, imeshawekwa plastiki. Siku hizi pameandikwa “Dar es Salaam to Zanzibar, last departure 16:00”, haina kitenzi hata kimoja, na nadhani ndiyo sentensi bora ya Kiingereza niliyowahi kuiandika.

Vijana wapya nawapa kazi moja wiki ya kwanza: simama getini, usiseme, andika unachosikia. Juzi mmoja aliniletea daftari amechanganyikiwa. Familia ya watu wanne imepita, baba amechukua begi, amewaambia wanawe “Right, we're off!” Kijana ametafuta leave hakuna, set hakuna, embark hakuna. Kitenzi kiko wapi, dada? Nikamwambia hakuna zaidi ya hiyo “are” iliyominywa, na kwamba Waingereza wanaopanda boti wengi ndivyo wanavyosema, na mmoja wao akimuuliza “Is this us?” anauliza kama hii ndiyo boti yao. Akaandika yote mawili. Alitaka kuuliza la tatu, nikamwambia tutaongea baadaye, foleni imeshafika barabarani, afungue geti.